Usiniulize "Atapona?" siku ya kwanza

Leo nataka tuzungumze juu ya swali moja. Swali hili huulizwa mlangoni mwa zahanati, mgonjwa akiwa bado juu ya pikipiki. Mtu amepooza upande mmoja. Mdomo umekwenda kando. Hasemi, au anasema maneno yasiyoeleweka. Watoto wake wanamshusha. Kabla sijamgusa, mmoja wao ananivuta pembeni na kuniuliza: "Daktari, atapona?"

Mimi si daktari. Ni mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji. Nilisoma nikapata cheti, na umri wangu haujafika miaka thelathini. Lakini kijijini kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari, na neno lake huchukuliwa kama hukumu ya mahakama. Ndiyo maana naandika. Neno letu juu ya mgonjwa wa kiharusi linaweza kumuua. Nimeona kwa macho yangu, na neno lenyewe lilikuwa langu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa mzee mmoja. Alikuwa amekwenda kukata majani ya mbuzi asubuhi, akaanguka. Upande wa kulia ulikuwa umelegea kabisa. Presha yake ilikuwa juu sana. Nilipomwita alifungua macho, kisha akayafumba tena. Niliandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Mke wake aliniuliza, "Mwanangu, atapona?" Sikumjibu. Niliwaita vijana wake nje, nikajifanya mtu mzima anayejua mambo, nikawaambia: "Mzee wenu hatafika Jumapili."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Vijana hawakumpeleka hospitali. Nani atauza mbuzi wawili ili alipie gari la mtu ambaye atakufa Jumapili? Walimrudisha nyumbani. Waliita ndugu. Walimlaza chali kwenye mkeka, wakakaa kando yake wakisubiri. Uji hawakumpa tena isipokuwa kulowesha midomo.

Jumapili ilifika, na mzee alikuwa hai. Jumapili ya pili pia. Mimi sikujua habari hizi. Nilisikia wiki ya tatu, mama mmoja aliponiambia kliniki ya watoto kwamba mzee yule "anaoza akiwa hai." Nilikwenda. Alinitambua. Alinyanyua mkono wa kushoto kunisalimu. Na vidole vya mkono wa kulia, ule niliosema umekufa, vilikuwa vinacheza kidogo. Lakini mgongoni, pale juu ya makalio, kulikuwa na kidonda kikubwa kuliko kiganja changu, na mfupa ulionekana. Wiki ya tano alikufa kwa homa ya kidonda kile.

Cheti cha kifo kingeweza kuandikwa kiharusi. Mimi najua kwamba kiharusi hakikumuua. Aliuawa na neno "hatafika Jumapili."

Sasa tuelewane kiharusi ni nini. Ubongo unalishwa na damu, kama bustani ya mboga inavyolishwa na maji ya mfereji. Mfereji ukizibwa na donge la udongo, mboga za upande ule hunyauka. Katika mwili, donge hilo ni damu iliyoganda au mafuta yaliyoshikamana ndani ya mshipa. Hiki ni kiharusi cha kuziba, nacho ndicho cha wagonjwa wengi. Kingine ni cha mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, wala mimi siwezi. Inatakiwa picha ya kichwa kwa mashine kubwa ya eksirei, kama iliyoko Bugando, Mwanza. Kwa sababu hiyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani kwa kusikia kwamba "inalainisha damu." Kama mshipa umepasuka, utakuwa unamwaga petroli motoni.

Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu. Lakini sharti mgonjwa achomwe dawa hiyo kabla ya muda wa saa nne na nusu kupita tangu mwili ulipopooza, na picha ya kichwa iwe imekwisha pigwa. Pima mwenyewe. Kutoka Kabanga au Rulenge mpaka Mwanza, muda huo unaishia njiani. Sisemi haya ili ukate tamaa. Nasema ili ujue kwamba kwetu sisi maisha ya mgonjwa hutegemea zaidi mambo mengine, madogo, ambayo hospitali za huku zinaweza kuyafanya: kumpa maji mwilini, kupima sukari, kushusha homa, kumlisha bila kumpalia, kumgeuza.

Huenda unasema, "Lakini wanaopooza si wanakufa tu?" Hapana. Hapa hapa Tanzania jambo hili limehesabiwa. Kuanzia mwaka 2003 mpaka 2006 watafiti waliwatafuta watu wote waliopata kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Waliwatafuta katika jamii, hawakusubiri hospitalini tu. Kwa miaka mitatu walipata wagonjwa 636. Kule Hai, ambako watu ni wakulima wa migomba kama sisi wa Ngara, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alifariki katika siku 28 za mwanzo. Watatu walibaki. Kwa hiyo mganga anayesema "huyu hatafika Jumapili" kwa kila aliyepooza, atakosea mara nyingi kuliko atakavyopatia.

Lakini hesabu ile ya Hai ina upande wa pili. Miaka mitatu ilipopita, kama sita kati ya kumi walikuwa wamefariki. Hawakufa siku ya kwanza. Wengi waliondoka baadaye, wakiwa wamekwisha rudi nyumbani. Kwa hiyo hata yule mganga anayesema "amepona, mpelekeni nyumbani, msiwe na wasiwasi" naye anadanganya. Nilishafanya hilo pia. Nilimwambia mama mmoja kwamba mume wake amepona kwa sababu alitembea mwenyewe kuingia zahanati. Akaacha vidonge vya presha, maana aliyepona anakunywa vidonge vya nini? Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi ya kutembea tena.

Basi je, hakuna kinachoweza kujulikana? Kipo. Ila kina siku zake.

Siku ya kwanza kinachojulikana ni kidogo. Kwanza, hatujui hata kama ni kiharusi kweli. Mtu mwenye kisukari aliyekunywa dawa bila kula anaweza kulegea upande mmoja, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Nimemwona mmoja wa namna hiyo. Alipopewa dripu ya sukari aliketi akauliza kofia yake iko wapi. Wenzake walikuwa wamekwisha tuma ujumbe kwa shemeji zake Biharamulo. Malaria kali nayo hupanda kichwani, na huku kwetu malaria ni ya kila msimu. Kwa hiyo kabla ya kutabiri, tunachoma kidole: sukari na malaria.

Tena, ubongo ulioumia huvimba kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Uvimbe huo huongezeka katika siku za mwanzo, mara nyingi siku ya pili mpaka ya tano. Mgonjwa aliyeongea Jumatatu anaweza kulala usingizi mzito Jumatano. Mwingine aliyelala usingizi mzito anaweza kufungua macho uvimbe ukipungua. Ndiyo maana nasema usiniulize "atapona?" siku ya kwanza. Niulize, "Leo yukoje, na lini utaniambia tena?"

Hata hivyo, dalili nzito zipo, na ni haki yako kuambiwa. Kubwa kuliko zote ni fahamu. Je, anafungua macho? Anajibu? Ukimwambia "nishike mkono" anashika? Madaktari wana kipimo cha mambo haya kilichotungwa mjini Glasgow, Uingereza, mwaka 1974. Mgonjwa hupewa alama kuanzia 3 mpaka 15. Mwenye 15 yuko macho kabisa. Anayeshuka mpaka 8 yuko katika hatari kubwa. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme, na muuguzi wa hospitali ya wilaya anakijua. Muulize: "Jana alikuwa na alama ngapi? Leo ngapi?" Usione haya. Aliyejifunza kusoma mizani ya pamba au kahawa anaweza kuelewa alama hizo.

Dalili nyingine nzito ni kumeza. Anayepaliwa na maji huingiza maji na chakula mapafuni, akapata nimonia. Nimonia ndiyo inayowaondoa wengi katika wiki za mwanzo. Homa pia ni dalili mbaya, na sukari iliyopanda sana. Umri una uzito wake, na kiharusi cha pili ni kizito kuliko cha kwanza. Haya yote ukiyaona kwa mtu mmoja, jiandae, na umwombe daktari aseme wazi.

Sasa nije kwenye siku ya tatu. Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu hata mtu wa cheti kama mimi, hata wewe unayesoma gazeti hili chini ya mwembe, unaweza kuona jambo lenye maana.

Wataalamu wa Uholanzi waliwafuata wagonjwa wa kiharusi cha kuziba kwa miezi sita. Waliangalia mambo mepesi sana. Katika siku tatu za mwanzo, je, mgonjwa anaweza kunyoosha vidole vya mkono uliopooza, hata kidogo? Je, anaweza kuinua mkono ule kutoka begani kwenda kando? Walioweza mambo hayo mawili, 98 kati ya 100 walirudishiwa matumizi fulani ya mkono baada ya miezi sita. Wasioweza, ni kama 25 tu kati ya 100. Kwa kutembea walifanya vivyo hivyo. Walimketisha mgonjwa bila kumshika. Aliyeweza kukaa nusu dakika bila kuanguka, na mguu uliopooza ukawa na nguvu kidogo, karibu hakika alitembea mwenyewe miezi sita baadaye. Aliyeshindwa, nafasi yake ilikuwa ndogo, kama robo.

Angalia neno hilo, ndugu yangu. Ndogo. Si sifuri. Wale 25 kati ya 100 ni watu. Wangepewa mgonjwa wangu wa majani ya mbuzi, wasingesema "hatafika Jumapili." Wangesema: mkono huu huenda usirudi, lakini tuutunze tuone.

Tena wagonjwa wale wa Uholanzi walilishwa, waligeuzwa kitandani, walifanyishwa mazoezi. Hesabu yao haiwezi kumfaa mtu aliyelazwa chali kwenye mkeka akisubiriwa kufa. Utabiri wa ugonjwa haufanani na utabiri wa mvua. Mvua hainyeshi kwa sababu redio imesema itanyesha. Lakini mgonjwa anaweza kufa kwa sababu mganga amesema atakufa, maana baada ya kusema hivyo hakuna anayempa uji, hakuna anayemgeuza, hakuna anayepoteza nauli. Kisha mganga anasifiwa kwamba anajua sana.

Wapo watakaonipinga, na wana hoja. Mwenyekiti mmoja wa kijiji aliniambia: "Ninyi vijana wa afya mnataka watu wauze ng'ombe kwa ajili ya mtu ambaye hatapona. Familia itabaki na deni na kaburi." Simdharau. Nimeona nyumba zilizouza shamba la ndizi kumzungusha mgonjwa kutoka kwa mganga wa jadi mmoja mpaka mwingine, kisha maombezi mbali, kisha hospitali ikiwa ya mwisho, mgonjwa akiwa amekwisha oza mgongo. Familia ina haki ya kujua ili ipange fedha zake. Mtu asiyeambiwa kitu huuza kila kitu.

Jibu langu kwa mwenyekiti ni hili. Fedha ya kwanza itumike mapema na karibu: hospitali ya wilaya, siku ileile. Ukiwa upande wa Ngara kuna Murgwanza na Rulenge. Ukiwa Biharamulo kuna hospitali ya pale mjini. Hapo mgonjwa apimwe sukari, malaria na presha, na uwezo wake wa kumeza uangaliwe. Mambo hayo si ya kuuza shamba. Siku ya tatu kaeni na daktari, mke au mume wa mgonjwa akiwemo, si vijana wa kiume peke yao nyuma ya jengo. Hapo mwulizeni juu ya fahamu, kumeza, vidole, na kuketi. Akisema inafaa kwenda Chato au Bugando, mtajua mnanunua nini. Akisema hali ni nzito na safari haitabadilisha kitu, mtajua pia, na mtamtunza kwa heshima bila kutawanya mali. Lakini hata huyo wa hali nzito atageuzwa na atasafishwa. Kutokuwa na matumaini ya kupona si ruhusa ya kumwacha mtu apate kidonda.

Kuna jambo la pikipiki nalo. Mgonjwa asiyemudu shingo yake asibebwe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, kichwa kikining'inia. Ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Machela ya zamani, ya miti miwili na watu wanne, ni bora mpaka barabarani penye gari. Alazwe kwa ubavu. Usimwagie maji wala dawa ya miti mdomoni, wala samli. Usimchanje. Tazama saa aliyoanza kupooza, uiandike kwenye karatasi. Umejifunza kuandika, karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya watu sita wanaosema kwa pamoja.

Na kama ulegevu umekwisha baada ya dakika chache au saa moja, usifanye sherehe. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Donge lililopita leo linaweza kurudi kesho likiwa kubwa.

Nyumbani, kazi ni ya kuchosha, na kwa kawaida huangukia wanawake. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kumketisha wima wakati wa kula, kumpa kijiko kimoja kimoja cha uji mzito, na kuacha mara moja akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji. Kunyoosha mkono na mguu wake kila siku. Mabadiliko makubwa huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, na mengine huendelea polepole baadaye. Vijana wa kiume wagawane zamu za usiku. Sioni kwa nini mtu mwenye mikono miwili ya kubeba magunia ya maharage hana mikono ya kumgeuza baba yake.

Wazee wetu wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaondoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakungoja daktari. Siku hizo presha haikuzungumzwa sana vijijini. Leo tunaijua. Presha ndiyo mzizi mkubwa wa kiharusi, na haiumi. Mtu anatembea nayo miaka kumi, analima, anacheka, mpaka asubuhi moja anakwenda kukata majani. Hakichagui mtu mdogo wala mkubwa. Hata Mwalimu Nyerere, alipokuwa akitibiwa saratani ya damu London mwaka 1999, alipata kiharusi kabla ya kufariki Oktoba 14.

Kwenu, wenzangu wa zahanati na wodi, nina ombi ambalo najua mtalichukia kwa sababu linaongeza kazi. Tuache kusema "mwachieni Mungu" tukiwa na maana ya "msinisumbue." Tuandike kwenye kadi ya mgonjwa siku ya kuzungumza na ndugu zake. Tuseme tunachokiona leo na tunachokisubiri. Ukikosea, rudi uwaambie kwamba ulikosea. Mimi nilichelewa wiki tatu.

Mke wa yule mzee alikuja zahanati wiki iliyopita. Hakuja kunilaumu. Kichwa kilikuwa kinamwuma. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mkono bila kuambiwa, nikamfunga kipimo. Presha yake ilikuwa 170 kwa 100. Nilimwambia namba hiyo kwa sauti, nikaiandika kwenye daftari lake, nikamwonyesha aisome mwenyewe. Aliisoma taratibu, namba moja moja. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nami nitapooza?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kwamba presha ya namba hiyo ni hatari, kwamba tutaipima tena kesho na keshokutwa, na kwamba vidonge vikianza haviachwi hata ukijisikia vizuri. Alikunja daftari, akalitia kwenye khanga. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni.